Mfanyakazi akisema "niko sawa" na unaona kabisa hayuko sawa: uzi kwa mainchaji, masupavaiza na viongozi wa zamu

MamaZamu aliandika:

Habari za muda huu wakuu.

Mimi ni muuguzi mkunga, inchaji wa wodi ya wazazi kwenye hospitali ya serikali huku mikoani. Naandika kwa ajili ya watu wa ngazi yangu. Sisemi na wakurugenzi wala maafisa wa wizara. Nasema na sisi tunaopanga rosta, tunaopokea simu ya alfajiri ya "dada, leo sitaweza kuja", tunaopitisha likizo na kuandika barua za onyo. Afya ya akili ya mfanyakazi inapita mikononi mwetu kabla haijafika kwa daktari yeyote, na wengi wetu hakuna aliyetufundisha namna ya kuishika.

Kinachofanyika sehemu nyingi ni semina. Ikikaribia tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, watu wanakusanywa ukumbini, anakuja mwezeshaji, wanaambiwa wafanye mazoezi, walale vya kutosha, waepuke mawazo mabaya. Wanasaini mahudhurio, wanarudi wodini. Na wodini yupo binti aliyetoka zamu ya usiku akaombwa aunganishe mchana kwa sababu mwenzake anaumwa. Binti huyo umuhimu wa usingizi anaujua kuliko mwezeshaji. Anachohitaji ni yule anayepanga rosta amwangalie usoni.

Ndiyo maana nasema stadi za hisia zianze kufundishwa kwa msimamizi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa afya ya akili kazini, na mojawapo ya mapendekezo yake ni hilohilo: wasimamizi wafundishwe kumtambua mtu aliyeelemewa, kumsikiliza, na kuelewa jinsi kazi yenyewe inavyoweza kumwelemea. Shirika hilo na Shirika la Kazi Duniani wanakadiria kuwa siku za kazi bilioni 12 zinapotea kila mwaka duniani kwa sababu ya sonona na wasiwasi uliopitiliza. Kwetu siku hizo hazionekani kwenye daftari kwa jina hilo. Zinaandikwa "ED" (ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi), "malaria", "udhuru", "mtoro".

Sasa niwaingize leba, maana huko ndiko ninakokujua.

Mama amejifungua usiku, mtoto amelia, kondo limetoka, halafu damu haikati. Mkunga anakanda tumbo la uzazi, anachoma oksitosini, anaweka dripu ya pili, anamwita daktari, anamtuma mhudumu akimbilie damu maabara. Wanahangaika. Kabla ya adhana ya alfajiri mama amekata roho. Mkunga anavua glovu, ananawa mpaka viwikoni, anabadilisha aproni, na kitanda cha pili kuna mama mwingine anasukuma. Anampokelea mtoto, anamwambia "hongera mama", anatabasamu. Ndugu wa marehemu wako nje kwenye benchi.

Saa moja na nusu asubuhi tunakusanyika kupokea ripoti. Swali la kwanza linalozoeleka ni: "Nani alikuwa zamu?"

Mlio kwenye vikao hivyo angalieni nyuso swali hilo likitoka. Mkunga anainamia faili. Anajibu kwa neno mojamoja. Mwenzake pembeni anakumbuka kwamba patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ina sehemu haikujazwa, anatafuta kalamu. Kuanzia hapo husikii tena habari ya yule mama, unasikia mtu akijitetea. Umepoteza ukweli, na umempoteza mkunga.

Siku hizi wodini kwetu swali la kwanza ni "Ilikuwaje tangu alipopokelewa?" Na kabla ya swali, mkunga anakalishwa kwenye kiti, anapewa pole kwa jina lake, mbele ya wenzake. Uchambuzi wa kitaalamu una mahali pake: kikao cha kujadili kifo kitokanacho na uzazi kimejengwa juu ya msingi wa kutotaja majina na kutolaumu. Ripoti ya asubuhi haitakiwi kugeuzwa mahakama kabla ya kikao hicho.

Baada ya hapo nafanya mambo machache ambayo hayahitaji bajeti. Namwandikia ripoti yeye akisimulia, kwa sababu mkono wake unatetemeka. Simruhusu apande bodaboda peke yake kurudi nyumbani. Jioni napiga simu, siandiki meseji. Usiku wake unaofuata simpangi akiwa mkunga pekee leba. Na akirudi, siku za mbele huko, namuuliza tena, kwa sababu siku ya kwanza kila mtu anauliza, na wiki ya pili hakuna anayeuliza.

Nchi hii imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukaonyesha 104. Najivunia takwimu hiyo kwa sababu najua jasho lililomo ndani yake. Lakini kadiri kifo kinavyokuwa adimu ndivyo kinavyomkalia vibaya aliyekuwa zamu, maana macho yote yanamgeukia yeye. Daktari wa Marekani, Albert Wu, aliandika mwaka 2000 kwamba matibabu yanapokwenda kombo, mhudumu naye ni majeruhi wa pili. Nimewaona majeruhi hao. Mmoja aliomba kuhamishiwa kliniki ya macho. Hakusema sababu, na aliyepitisha uhamisho hakuuliza.

Tuje kwenye stadi zenyewe.

Kubwa kuliko zote ni kumsaidia mtu aitaje hisia yake. Matthew Lieberman na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA walichapisha utafiti mwaka 2007: watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu, na walipoitaja hisia ile kwa neno, sehemu ya ubongo inayoshtuka mbele ya hatari ilitulia. Kuna mwingine, James Gross, aliyewaonyesha watu filamu za kuumiza na kuwaambia wasionyeshe chochote usoni. Uso ulitulia kweli, lakini mwili ndani uliendelea kuhangaika, tena zaidi ya wale walioachwa huru. Sisi wakunga ndiyo maisha yetu hayo. Tunakaza. Sasa ukimwuliza mtu aliyekaza "Vipi, poa?" atakujibu "poa", umempa jibu kwenye swali. Mwambie unachokiona: "Naona tangu Jumanne huli na wenzako. Umeumia, au umechoka, au ni hasira?" Atachagua moja, au atakwambia umekosea na atakupa iliyo sahihi. Vyovyote vile mlango umefunguka.

Ya pili ni kunyamaza. Hii ni ngumu sana kwetu, maana tumelelewa kumfariji mtu kwa maneno. Akianza tu kueleza tunamrukia: "Hata mimi yalinikuta", "Mshukuru Mungu una kazi", "Wewe ni jasiri, piga moyo konde". Tunasema kwa nia njema, na mtu anafunga mdomo. Funga mlango wa ofisi, geuza simu kifudifudi, kaa usawa wake, uliza swali moja, halafu acha ukimya ufanye kazi. Ukimya ukikuchoma, hesabu pumzi zako.

Ya tatu ni kuuliza "Kwa leo unahitaji nini?" na kulifanya moja ulilo na uwezo nalo. Anaweza kutaka kubadilishana zamu, au kwenda kulala, au tu mtu mwingine akazungumze na ndugu wa marehemu badala yake. Ukisikiliza vizuri kisha usifanye lolote, mara ya pili hatakuja.

Jambo moja linaniuma. Kwenye msiba, sehemu zetu za kazi ni hodari mno. Mtumishi akifiwa na mzazi, ndani ya saa moja kuna daftari la rambirambi, kuna kamati, kuna gari la kwenda kuzika, kuna watu wa kulala naye matanga. Hakuna anayefundishwa, kila mtu anajua pa kusimama. Lakini mtumishi huyohuyo mimba ikimharibika, akiachika, mwanawe akikamatwa na dawa za kulevya, au akianza kuamka usiku jasho linamtoka bila sababu anayoijua, tunapishana naye koridoni tukiangalia chini. Uwezo wa kumbeba mwenzetu tunao tayari. Tumeuwekea masharti ya jeneza tu.

Naomba tujadili. Semeni na nyinyi mnafanyaje huko mliko.

---

Mzee wa Hesabu aliandika:

Dada, uzi umeandikwa vizuri lakini nitakupinga. Muuguzi mmoja ana wagonjwa wodi nzima, posho ya zamu inachelewa, nyumba ya mtumishi hakuna, halafu tunamwambia bosi wake ajifunze kusikiliza. Huku ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Mwaka 2024 alitoka mtafiti wa Oxford, William Fleming, aliangalia wafanyakazi zaidi ya 46,000 Uingereza. Waliopewa mafunzo ya ustahimilivu, kutafakari, programu za simu za kupunguza msongo na mengine ya aina hiyo hawakuwa na hali bora kuliko wenzao ambao hawakupewa. Hela na watu kwanza.

---

MamaZamu aliandika:

Mzee wa Hesabu, shikamoo. Utafiti huo naufahamu, na unasimama upande wangu zaidi ya unavyodhani. Ulipima mambo anayopewa mfanyakazi mmojammoja ili avumilie kazi ileile. Fleming mwenyewe hitimisho lake ni kwamba waajiri waiguse kazi yenyewe: ratiba, usimamizi, mazingira. Hicho ndicho ninachokiomba.

Christina Maslach, ambaye ameichunguza hali ya kuishiwa nguvu kazini tangu miaka ya 1970, anataja na mwenzake Michael Leiter maeneo sita yanayomchosha mtu: mzigo wa kazi, kukosa kauli juu ya kazi yako, malipo na kuthaminiwa, uhusiano na wenzako, haki, na maadili ya kazi kugongana na yako. Mshahara siwezi kuupandisha, na idadi ya watumishi siamui mimi. Lakini nani anapangwa usiku wa sikukuu, nani anasifiwa mbele ya watu na nani anafokewa mbele ya wagonjwa, nani akiomba ruhusa anaaminiwa na nani anadaiwa cheti, hayo yote yanatoka kwenye kalamu yangu. Hapo kuna haki na kuthaminiwa na uhusiano ndani yake.

Na kuna hili. Msimamizi anayesikiliza ndiye anayeweza kuandika kwa Mganga Mfawidhi barua yenye uzito. "Tuna upungufu wa watumishi" ni sentensi wameisoma mara nyingi. Ukiandika kwamba usiku wa tarehe fulani mkunga mmoja alikuwa na mama wawili wanaosukuma kwa wakati mmoja na wa tatu anatoka damu, ukaweka saa na dakika, barua hiyo hujibiwa. Na maelezo hayo utayapata kwa mkunga ambaye hakuogopi. Amy Edmondson wa Harvard alichunguza timu za hospitali miaka ya 1990 akitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta ndizo zenye makosa mengi yaliyoripotiwa. Zilikuwa zinasema.

---

Mtoto wa Kaunta aliandika:

Nipo benki, sio hospitali, ila nimejiona humu. Mwisho wa mwezi foleni inafika nje, mteja hela yake haijaingia, anakutukana wewe wa dirishani kana kwamba umeila. Unajibu "samahani mzee wangu" huku moyo unakwenda mbio, halafu mteja anayefuata unatakiwa umhesabie milioni kadhaa bila kukosea. Jioni ukifunga kaunta ukiwa na shoti, unalipa mfukoni.

Tuliwahi kuwa na msimamizi mama mmoja, utaratibu wake ulikuwa hivi. Akisikia sauti imepanda anatoka ofisini, anamchukua mteja yeye, wewe anakugusa bega anasema "nenda kanywe maji". Ukirudi hakuulizi mbele za watu. Jioni anakuja kuhesabu hela na wewe, noti kwa noti. Wakati wa kuhesabu ndipo anauliza, "Yule bwana alikuuma wapi?" Nilikuwa namweleza. Tawi letu lilikuwa na shoti chache sana kipindi chake, na hakuna aliyeomba kuhama. Aliyemfuata akasema hayo ni mambo ya kudekeza watu.

---

MamaZamu aliandika:

Mtoto wa Kaunta, huyo mama apewe maua yake. Angalia alivyojua kwamba mtu aliyetikiswa atakosea hesabu, kwa hiyo hakumwachia hesabu peke yake. Mwanasosholojia Arlie Hochschild, mwaka 1983, akiwa amewachunguza wahudumu wa ndege Marekani, alieleza kwamba kutabasamu kwa amri ni kazi kama kubeba mzigo. Inachosha na inastahili kuhesabiwa. Mkunga anayesema "hongera mama" dakika chache baada ya kumfunika mwingine amebeba mzigo huo, na wewe wa kaunta pia. Dakika za kunywa maji si hisani.

---

Kijana wa Umoja aliandika:

Salamu kutoka Nairobi. Naomba niongezee la huku kwetu, kwa sababu linaonyesha mipaka ya jambo hili. Mnakumbuka kesi za wale vijana waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook hapa Nairobi kupitia kampuni ya Sama? Daniel Motaung alienda mahakamani 2022, na mwaka uliofuata wakaenda wengine 184. Kazi yao ilikuwa kutazama video za mauaji, ubakaji na ukatili dhidi ya watoto, ili mimi na wewe tusizione. Desemba 2024 ilijulikana kupitia nyaraka za mahakama kwamba zaidi ya 140 kati yao walipimwa na Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akakuta wana athari kali za kiwewe.

Malalamiko yao hayakuwa kwamba hakuna mshauri nasaha. Walisema waliopo hawakutosha na muda wa kuwaona haukuwepo, kwa vile mashine ilikuwa inahesabu sekunde za kila video. Sasa hapo supavaiza mwenye roho nzuri atafanya nini? Nauliza kwa dhati, kwa maana nina jamaa yangu aliyekuwa supavaiza kwa kazi ya aina hiyo, na yeye mwenyewe sasa halali.

---

MamaZamu aliandika:

Ndugu yangu wa Nairobi, pole kwa jamaa yako. Jibu langu ni kwamba pale kazi yenyewe imetengenezwa kwa namna inayoumiza, stadi za msimamizi haziiponyi. Anachoweza ni kukataa kuwa mkono wa kuumizia: kutoa ushahidi, kuandika namba, kusimama na watu wake wakienda kwenye chama cha wafanyakazi au mahakamani. Atakayewafundisha masupavaiza wa kazi kama hiyo lugha ya huruma na kuiacha ile saa ya sekunde ikihesabu, atakuwa amewapa watu sauti laini ya kuwaumizia. Silitaki hilo lifanyike kwa jina la afya ya akili.

---

Fundi Spana aliandika:

Mimi nina gereji, vijana kadhaa chini yangu. Haya ya kufunga mlango na kukaa usawa mmoja kwetu hayapo, hatuna ofisi. Nikimwita fundi pembeni, wenzake wote wanajua anafukuzwa. Na mwanaume hatakwambia "nimeumia". Atakwambia spana imeteleza.

Ninavyowajua mimi: fundi aliyekuwa anawahi anaanza kuchelewa, anagombana na wateja, anasahau kukaza nati ya tairi, anaomba advansi kila siku mbili, Jumatatu ananuka pombe. Hapo najua kuna kitu. Namchukua twende kununua spea Kariakoo, mimi naendesha yeye kakaa pembeni. Au tunaingia wote chini ya gari moja. Tukiwa hatuangaliani usoni anaongea. Kuna mmoja alisema yote huku anafungua sampu, mke kaondoka na watoto. Sikuwa na la kumwambia, nikamshikia tochi mpaka akamaliza. Hivi nilitakiwa niseme nini?

---

MamaZamu aliandika:

Fundi Spana, ulichofanya ndicho. Ulimshikia tochi na hukuondoka. Labda jioni yake ungemwongezea swali moja: "Leo unalala wapi, na nani yupo?" Mtu aliyeondokewa na familia, usiku ndio unaomtafuna.

Na asante kwa hilo la kutotazamana. Nitalitumia kwa vijana wangu wa kiume, wauguzi wanaume hawafunguki kwenye kiti cha ofisi. Tukikunja gozi za vidonda pamoja pale meza ya vifaa tunakaa bega kwa bega, huenda ndipo mahali pao.

---

Bwana Shamba Mpya aliandika:

Swali kwa mleta uzi. Mimi ni mwanaume, nasimamia mabinti kwenye kiwanda cha kupaki maua. Akilia mbele yangu nifanye nini? Naogopa nikimgusa itakuwa kesi, nikinyamaza nitaonekana katili.

---

MamaZamu aliandika:

Usimguse, na usiondoke. Mlango uache wazi kidogo, au hamieni pale mnapoonekana na watu bila kusikika. Sogeza kitambaa au tishu afikie mwenyewe. Usiseme "nyamaza", sema "chukua muda wako". Kilio cha kawaida kinapungua chenyewe ukikiacha. Akitulia muulize, "Ungependa kuongea na mimi, au nikuitie dada fulani?" Na umtaje kwa jina mtu ambaye umeshapatana naye mapema, si kumtafuta siku hiyo. Mpe nafasi ya kunawa uso kabla hajarudi kwenye laini, wenzake wasimsome.

Jambo la siri liweke sawa tangu mwanzo. Usiahidi "haitatoka hapa". Sema: "Sitamwambia mtu, isipokuwa kama kuna hatari kwa maisha yako au ya mwingine, na hapo nitakwambia wewe kwanza." Akikueleza kwamba ananyanyaswa na mkuu mwenzako, hapo umeshapokea taarifa rasmi. Huna ruhusa ya kuifanya umbea wala ya kuikalia.

Na kwa kuwa umeuliza, nigusie lililo zito. Mtu akisema "heri nisingekuwepo", "mtapumzika nami karibuni", au akaanza kugawa vitu vyake na kuaga, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutamtia wazo hilo. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba si kweli, na mara nyingi swali hilo ndilo linalompa mtu nafuu ya kwanza. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwa dakika za kwenda chooni. Mtafute ndugu anayemwamini, mwende naye hospitali mkiwa wawili, mwambieni daktari maneno yaleyale aliyosema. Kazi ya kumtibu si yako. Yako ni kumfikisha akiwa hai na hajadhalilishwa. Na tafadhali sana, maneno ya "mpelekeni Mirembe" tuyaache kabisa kazini, hata kwa utani. Mirembe ni hospitali ya afya ya akili, watu wanatibiwa na kurudi kazini. Mtu aliyesikia utani huo kantini hatakuja kukueleza lolote.

---

Afisa wa Mezani aliandika:

Niweke la kisheria kwa upande wa Tanzania, kwa sababu masupavaiza wengi wananyima watu haki kwa kutojua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Sheria haisemi ugonjwa lazima uwe wa mwili. Cheti cha daktari kinachosema sonona ni cheti. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na za ziada hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Siku nne zenye malipo zipo kwa mtu aliyefiwa na mwenzi, mzazi au ndugu wa tumbo moja, na pia mtoto wake akiugua au akifariki. Watumishi wa umma mna na kanuni zenu, ulizeni Katibu wa Afya au utawala.

La pili, cheti cha mtu hakipostiwi kwenye grupu la WhatsApp la kazi. Nimeona msimamizi anapiga picha anaandika "huyu naye ana stress, nani atamkaimu?" Andika "fulani hatakuwepo wiki hii, naomba wa kushika nafasi". Inatosha.

---

Binti wa Mikindani aliandika:

Mama, mimi ni mkunga pia, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nimesoma hapa nimelia. Wodini kwetu swali bado ni "nani alikuwa zamu". Nitaanzia wapi mimi mdogo? Na wewe, nani anakusikiliza?

---

MamaZamu aliandika:

Mwanangu, pole. Anza na mwenzako wa zamu. Mkipata usiku mbaya, kabla ya ripoti ya asubuhi mkae wawili kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kila mmoja aseme nini kilimuumiza zaidi, mwingine asikilize tu. Halafu ingieni kwenye ripoti mkiwa mmeshikamana, na anayeulizwa "nani alikuwa zamu" ajibu "sisi", aendelee hapohapo kueleza tangu mama alipopokelewa. Mara nyingi anayeuliza atafuata maelezo. Ukipata inchaji anayesikiliza vizuri akiwa peke yake, mpelekee pendekezo la kubadilisha swali la kwanza, mpelekee mkiwa zaidi ya mmoja, siku ambayo hakuna kifo.

Kuhusu mimi: nina inchaji mwenzangu wa wodi ya watoto na mwingine wa upasuaji. Alhamisi baada ya kikao cha wakuu wa idara tunabaki, tunafunga mlango, simu kifudifudi, mmoja anaongea. Ofisini hakuna kanuni inayotutaka tufanye hivyo, tumejipangia wenyewe, na wiki tukikosa naona tofauti nikiwa nyumbani, watoto wananiambia. Kuna hospitali za Marekani na Uingereza zimeufanya kuwa utaratibu rasmi, ulianzia Boston mwaka 1997 kwa heshima ya wakili mmoja aliyeitwa Kenneth Schwartz: wahudumu wa ngazi zote, daktari na mfagizi, wanakaa kueleza namna kazi ilivyowagusa, bila kujadili matibabu. Nataka nimwombe Mganga Mfawidhi tujaribu hapa kwetu, saa moja kwa mwezi, wafagizi wakiwemo, kwa sababu wao ndio wanaoosha sakafu ya leba baada ya sisi sote kutoka, na hakuna anayewauliza.

Kama kuna hospitali humu nchini tayari wanafanya kitu cha namna hiyo, naomba muweke hapa mnavyokipanga: saa ngapi, nani anaongoza, na mnafanyaje zamu isibaki tupu. Hilo la mwisho ndilo nitakaloulizwa kwanza.